Abe no Nakamaro, Mwanafunzi Aliyekaa Uchina Miaka 53

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri wenzangu wamekwisha kutusimulia habari za wafalme, majemadari na wavumbuzi. Mimi leo nataka kuwaletea habari za mwanafunzi. Mtu huyu alikufa zamani sana, mwaka 770, lakini hata leo watoto wa shule huko Japani hukariri shairi lake. Jina lake ni Abe no Nakamaro.

Nimemchagua kwa sababu moja. Wengi wetu wa Kidato cha Tano na cha Sita tunatazamia kuomba nafasi za masomo katika nchi za nje, na nchi itajwayo sana siku hizi ni Uchina. Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1970, wakati wa kujengwa reli ya TAZARA, vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kujifunza kazi za reli. Lakini Nakamaro aliwatangulia kwa miaka zaidi ya 1,200. Tena maisha yake yanatuuliza swali ambalo fomu za maombi haziulizi. Mtu akitumwa kutafuta elimu, akaipata vizuri hata wenyeji wakakataa kumwachia, je, deni lake kwa watu wa kwao atalilipaje?

Nakamaro alizaliwa Japani yapata mwaka 698, katika ukoo wa watu wenye cheo. Wakati ule Japani ilikuwa nchi inayojijenga. Mwaka 710 Wajapani walihamia mji mkuu mpya, Nara, ambao barabara zake zilipimwa na kunyooshwa kwa kufuata mfano wa mji mkuu wa Uchina. Si barabara tu walizoziiga. Herufi za kuandikia, sheria za serikali, hesabu ya miezi na miaka, na mafundisho ya dini ya Buddha, vyote hivyo walikuwa wakivipokea kutoka ng'ambo, na vingi vilitoka Uchina. Kwa hiyo serikali yao ilifanya shauri la busara. Badala ya kungoja elimu iwafikie, waliwatuma watu wao kwenda kuifuata. Kuanzia mwaka 630 mpaka mwaka 838 walipeleka mabalozi Uchina mara kwa mara, na pamoja na mabalozi hao walikwenda watawa na vijana waliochaguliwa kwa akili zao.

Mwaka 717 zamu ikamwangukia Nakamaro. Alikuwa kijana wa miaka 19 hivi, umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Sita. Merikebu zilikuwa 4, na watu wote zaidi ya 500. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wengine ambao majina yao hayakupotea. Mmoja aliitwa Kibi no Makibi, aliyekuwa mkubwa kwa Nakamaro kwa miaka michache. Mwingine alikuwa mtawa, jina lake Genbō. Wa tatu, kama yadhaniwavyo, alikuwa I no Manari. Nawaomba wasomaji wayaweke majina haya akilini, maana kila mmoja alipata fungu lake.

Sisi wanafunzi wa bweni huhesabu majuma mpaka likizo. Wale hawakuwa na hesabu hiyo. Merikebu zikiisha kuwashusha na mabalozi wakiisha kufanya kazi yao, zilirudi Japani, nao wanafunzi wakabaki kungoja safari nyingine ya mabalozi. Safari hiyo yaweza kuchelewa miaka 15, au hata 20. Mtu aliondoka kwao kijana akijua kwamba, Mungu akipenda, atarudi akiwa mtu mzima.

Mji waliofikia uliitwa Chang'an. Siku hizi mahali hapo pana mji wa Xi'an. Zamani zile ulikuwa mmoja wa miji mikubwa kabisa duniani, na wataalamu wa historia hukadiria kuwa watu wake walifikia milioni moja. Ukuta wake ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 10 kutoka mashariki hata magharibi, na zaidi ya kilomita 8 kutoka kaskazini hata kusini. Ndani mlikuwa na masoko mawili makubwa, moja upande wa mashariki na moja upande wa magharibi. Huko walikutana wafanyabiashara wa kila taifa, hata Waajemi waliokuja kwa njia ya misafara. Mfalme aliyetawala ni Xuanzong wa ukoo wa Tang, aliyependa sana muziki na mashairi.

Nakamaro aliingia katika chuo kikubwa cha serikali kilichokuwa katika mji huo. Kusoma herufi za Kichina alikwisha kujifunza kwao, lakini kusema Kichina na kushindana kwa Kichina na wana wa wakubwa wa nchi ni kazi nyingine. Tena masomo yenyewe yalikuwa magumu. Mwanafunzi alitakiwa kuvihifadhi vitabu vya wahenga wa Kichina, kuvieleza, na kutunga insha na mashairi kwa kanuni zilizo kali. Mtihani wa kuingia katika kazi za serikali uliogopwa na Wachina wenyewe, na wengi walirudia mwaka baada ya mwaka bila kufaulu. Yasemekana Nakamaro alifaulu mtihani huo. La hakika ni kwamba alipewa kazi serikalini, jambo lililokuwa adimu kwa kijana mgeni, na akapata jina la Kichina, Chao Heng.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika maktaba ya mwana wa Mfalme, kusahihisha vitabu. Enzi hizo Wachina waliandika vitabu kwa mkono, kwa hiyo kila nakala iliweza kuwa na makosa, na mtu wa kuyatambua alipaswa kuwa mjuzi kweli kweli. Hebu fikirini, Mjapani anasahihisha vitabu vya Wachina katika nyumba ya Mfalme wa Wachina! Baadaye akapanda cheo hata akawa miongoni mwa maofisa waliopewa wajibu wa kumwonya Mfalme palipokuwa na kasoro. Akajenga urafiki na watunzi wa mashairi. Wawili kati yao, Li Bai na Wang Wei, huhesabiwa hata leo kuwa katika washairi wakubwa kupita wote wa Uchina.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutuzwa. Nakamaro alicheza ugenini, na huko huko akatuzwa. Hapo ndipo mashaka yake yalipoanzia.

Hata mwaka 733 merikebu za Japani zikaja tena, baada ya miaka 16. Wanafunzi wakajiweka tayari kurudi. Makibi alikuwa amekusanya vitabu vya kanuni za serikali, vitabu vya hesabu ya kalenda, vitabu vya muziki, na hata vyombo vya kupimia kivuli cha jua. Genbō alikuwa na maelfu ya hati za dini yake. I no Manari hakurudi. Mwaka 734 alikufa mjini Chang'an, akiwa na umri wa miaka 36 tu, akazikwa huko. Habari zake zilipotea kabisa kwa karne nyingi, mpaka mwaka 2004 ilipotangazwa kuwa jiwe lenye maandishi ya kaburi lake limepatikana Xi'an. Maandishi yale yanamsifu kwa bidii yake, yanataja nchi yake kwa jina, na kueleza kwamba mwili umebaki nchi ya mbali, lakini roho inatumaini kurejea kwao.

Na Nakamaro? Naye aliomba ruhusa ya kurudi. Sababu aliyoitoa ni kwamba wazazi wake ni wazee. Mfalme akakataa. Hakumkatalia kwa chuki, bali kwa sababu alimwona mtu wa manufaa. Basi wenziwe wakapanda merikebuni, yeye akabaki gatini, kwa kusema hivyo. Wakati huo alikuwa amekwisha kukaa Uchina miaka 17.

Nilipofika hapo katika kuyasoma maisha yake, nilimkumbuka kaka yangu. Yuko Uchina mwaka wa tatu sasa, anasomea uhandisi. Kila apigapo simu mama humwuliza masomo yanaendeleaje, kisha humwuliza atarudi lini. Swali la kwanza kaka hulijibu kwa maneno mengi. La pili hulijibu kwa ufupi, kwani walimu wake wamekwisha kumshauri aendelee na shahada ya pili. Mama hufurahi, tena hunyamaza. Kaka yangu aweza kuja likizo kwa ndege na kurudi. Wazazi wa Nakamaro hawakuwa na simu wala ndege, na barua zilingoja merikebu zile zile. Lakini naona furaha na ukimya wa mama yangu ni sawa na wao.

Sasa nitaeleza tendo moja la Nakamaro ambalo, kwa maoni yangu, lamtukuza kuliko vyeo vyake vyote. Merikebu 4 zilizoondoka na wenziwe zilipigwa na tufani. Ile aliyopanda Makibi na Genbō iliokoka ikafika Japani. Lakini nyingine, iliyokuwa na watu 115 chini ya ofisa aitwaye Heguri no Hironari, ilichukuliwa na upepo mpaka nchi za mbali kusini. Huko watu wakashambuliwa, wengine wakauawa, wengine wakafa kwa maradhi. Waliosalia ni 4 tu, pamoja na Hironari mwenyewe. Baada ya taabu nyingi wakarudi Uchina wakiwa hawana kitu. Nakamaro ndiye aliyewapokea. Akawapelekea maombi yao mbele ya Mfalme, akawaombea wapite njia ya kaskazini kupitia dola ya Bohai, mahali palipo Manchuria na Korea ya Kaskazini siku hizi. Mfalme akakubali, akawapa merikebu na chakula. Mwaka 739 Hironari akafika Japani. Nakamaro aliyekataliwa ruhusa yake mwenyewe aliwatafutia wenziwe ruhusa yao, na wao wakaenda zao nyumbani.

Miaka ikapita, ikapita. Mwaka 752 wakaja mabalozi wengine, mkuu wao Fujiwara no Kiyokawa. Na nani alikuwa mmoja wa manaibu wa balozi? Alikuwa Kibi no Makibi, yule mwanafunzi mwenziwe wa zamani. Siwezi kufikiri jinsi wazee wale wawili walivyotazamana, mmoja akitoka nyumbani na mwingine akiwa bado ugenini. Nakamaro alikuwa amefikia kuwa mkuu wa maktaba ya Mfalme, na umri wake ulikuwa zaidi ya miaka 50. Akaomba ruhusa tena. Safari hii Mfalme akakubali. Wang Wei akamtungia shairi refu la kumwaga, akiisikitikia bahari pana itakayowatenga.

Kabla ya kusafiri, Nakamaro, Kiyokawa na Makibi walikwenda mji wa Yangzhou kumwona mtawa mmoja Mchina aitwaye Jianzhen. Mtawa huyu alikwisha kujaribu mara 5 kuvuka bahari kwenda kuwafundisha Wajapani, kila mara akashindwa, na katika taabu hizo akapoteza macho yake. Wakamwomba ajaribu tena. Akakubali, akapanda mojawapo ya merikebu zao.

Mwisho wa mwaka 753 merikebu 4 zikang'oa nanga. Husimuliwa kwamba usiku wa kuagana, hapo pwani ya Uchina, mwezi ulichomoza juu ya bahari. Nakamaro akautazama, akatunga shairi fupi kwa lugha ya kwao. Akauliza kama mwezi ule ndio ule ule aliouona zamani ukichomoza juu ya mlima Mikasa, karibu na Nara. Shairi hilo ndilo lililolifanya jina lake lisife. Liliingizwa katika diwani ya Kokinshū, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 10, na baadaye katika mkusanyo wa mashairi 100 unaojulikana na Wajapani wote. Mtu aliyetumia miaka 36 katika Kichina, aliposhikwa na hamu ya nyumbani, alirudi katika lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Mabaharia wetu wa pwani wana methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ole wake, bahari haikumrejesha Nakamaro. Merikebu yake ilifika visiwa vya Okinawa pamoja na nyingine, lakini ilipotaka kuondoka ikapanda mwamba, kisha tufani ikaisukuma mbali mpaka Annam, ambayo leo ni sehemu ya Vietnam. Huko wengi wa abiria wakauawa na watu wa nchi. Maafa yale yale aliyopata Hironari yakampata mtu aliyemsaidia Hironari. Habari zikaenea Uchina kuwa Nakamaro amezama. Li Bai akalia, akatunga shairi la maombolezo, akimfananisha rafiki yake na mwezi uliozama baharini.

Kumbe hakufa. Yeye na Kiyokawa walikuwa miongoni mwa wachache waliookoka, na mwaka 755 wakaonekana tena katika mji wa Chang'an. Lakini wakati ulikuwa umegeuka. Mwisho wa mwaka huo jemadari mmoja, An Lushan, akaasi. Mwaka 756 Mfalme akaukimbia mji wake mkuu. Vita vikaendelea hata mwaka 763, na njia zikawa za hatari. Japani ilituma watu kumtafuta Kiyokawa, lakini hakuruhusiwa kuondoka, naye alikufia huko huko. Nakamaro akarudi katika utumishi. Katika miaka ya 760 alipewa kazi ya kuitawala Annam, nchi ile ile ambayo wenziwe waliuawa. Mwaka 770 akafa mjini Chang'an. Umri wake ulikuwa miaka 70 na kitu, na kati ya hiyo miaka 53 ilikuwa ya ugenini.

Ndugu wasomaji, twaweza kupima maisha haya kwa mizani mbili. Katika mizani ya kwanza, Makibi ndiye mwanafunzi aliyefaulu. Alirudi na vitabu, akamfundisha binti wa Mfalme ambaye baadaye alitawala, na mwaka 766 akapata cheo cha waziri mkubwa. Elimu aliyotumwa kuitafuta aliifikisha mlangoni. Nakamaro hakufikisha hata kitabu kimoja kwa mkono wake. Mtu wa haraka atasema kwamba Japani ilipata hasara kwa kumtuma.

Lakini iko mizani ya pili. Hironari alifika nyumbani kwa sababu Nakamaro alikuwako Uchina wa kumsemea. Mabalozi wa mwaka 752 walimkuta ndani ya nyumba ya Mfalme mtu wa kwao mwenye kuheshimiwa. Jianzhen, yule mtawa kipofu aliyeombwa na Nakamaro pamoja na wenziwe, alifika Japani salama, na mwaka 759 akaanzisha hekalu la Tōshōdai-ji katika mji wa Nara, ambalo lingaliko hata leo. Kwa hiyo naona Nakamaro alilipa deni lake, ijapokuwa hakulilipa kwa fedha ile aliyokopeshwa. Alikuwa mlango ambao wengine waliupita, wakienda na wakirudi.

Hata hivyo sitaki tuseme kwamba mambo yalikuwa mema kwa kila mtu. Kumbukumbu za serikali ya Japani zimehifadhi habari moja ndogo ya mwaka 779, miaka 9 baada ya kufa kwake. Jamaa zake walioachwa Japani walikuwa maskini, hata hawakuweza kumfanyia mazishi yanayostahili. Ndipo serikali ikawapelekea majora 100 ya hariri na mafungu 300 ya hariri nyeupe isiyosokotwa. Mkuu wa maktaba ya Mfalme wa Uchina, mtawala wa Annam, na nyumbani kwao hawana cha kumzikia! Nasi tunaotazamia kwenda tulifahamu jambo hili. Sifa za ugenini huenda zikaujaza mji mzima, na jiko la nyumbani likawa baridi. Anayeweza kutuma salamu na atume, anayeweza kutuma msaada na atume, na anayeweza kurudi na arudi.

Katika habari hiyo ya mwaka 779 liko neno moja ambalo silisahau. Mwandishi wa serikali alipotaka kumtaja Nakamaro, hakutaja hata kimoja katika vyeo alivyopewa na Wachina. Alimwita mwanafunzi wa zamani. Ilikuwa imepita miaka 62 tangu merikebu zile 4 zilipoondoka, na katika daftari la kwao alikuwa angali ni yule kijana waliyemtuma kusoma.